Kumchagulia Mzee au Mgonjwa Wetu Mtunzaji wa Nyumbani: Mwongozo kwa Familia za Mnyuzi, Korogwe na Handeni

Utunzaji wa nyumbani ni huduma anayopewa mzee, mgonjwa wa muda mrefu au mtu mwenye ulemavu akiwa katika makao yake mwenyewe, miongoni mwa watu na vitu alivyovizoea. Huduma hiyo hujumuisha kuogeshwa, kulishwa, kugeuzwa kitandani, kupewa dawa kwa wakati, kusindikizwa zahanati, na zaidi ya yote kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kwa karne nyingi kazi hii haikuwa na jina la pekee, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya maisha ya ukoo. Leo familia nyingi hulazimika kuamua kwa makusudi ni nani aifanye, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa haraka, siku ambayo hospitali imetoa ruhusa na mgonjwa hana budi kurudishwa nyumbani kabla ya jioni.

Makala haya yamekusudiwa kusomwa kabla ya siku hiyo.

Kwa nini swali hili linaigusa Mnyuzi

Mnyuzi iko katika Wilaya ya Korogwe, kwenye Reli ya Usambara iliyofika Korogwe mwaka 1902 ikitokea Tanga, na ni hapo kwenye eneo la Mnyuzi ambapo njia iliyokamilika mwaka 1963 hutoka kwenda Ruvu kuungana na Reli ya Kati. Reli na mkonge ndivyo vilivyoijaza nchi hii watu. Pamoja na Wazigua, Wabondei na Wasambaa wenyeji, walikuja manamba kutoka mikoa ya mbali na kutoka nchi jirani, wakakata mkonge kwa mikataba, na wengi wao hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazika hapa, wakazeeka hapa. Ndiyo maana katika vitongoji vinavyozunguka mashamba ya mkonge twawakuta wazee ambao hawana shangazi wala mjomba wa kuitwa yakitokea maradhi. Ukoo wao ni majirani na wenzao wa sala.

Kwa upande mwingine wapo wazee wenye watoto wengi, ila watoto hao wako Tanga, Dar es Salaam, Arusha au Muscat. Fedha hutumwa kwa simu, tena kwa uaminifu, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa mhimili wa kwanza wa matunzo ya wazee, na Kanisa limefundisha hivyo siku zote. Hata hivyo, familia iliyotawanyika huhitaji mtu aliyepo, mwenye mikono na subira, na hapo ndipo suala la kuchagua linapoanza.

Anza na mgonjwa, kisha mtunzaji

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni familia kutafuta mtu kabla ya kujua kazi. Mama mwenye umri wa miaka 70 anayetembea kwa fimbo na kusahau dawa anahitaji mwenzi mwangalifu. Baba aliyepatwa na kiharusi akapooza upande mmoja anahitaji mtu mwenye nguvu za mwili aliyefundishwa kumwinua pasipo kumwumiza bega. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo au kidonda kirefu anahitaji pia mkono wa mtaalamu wa afya, walau kwa kumtembelea. Kumpa binti mwembamba wa miaka 18 mzee wa kilo 80 asiyeweza kugeuka ni kuwatia hatarini wote wawili.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, iwe ni Magunga mjini Korogwe, hospitali ya Muheza au Bombo jijini Tanga, mwanafamilia mmoja na amwombe muuguzi wa wodi amwonyeshe kwa vitendo namna ya kumgeuza, kumkalisha, kumlisha na kumsafisha. Asitosheke kuambiwa kwa maneno, bali afanye mwenyewe mbele ya muuguzi. Aulize pia: ni dawa zipi, saa ngapi, kabla au baada ya chakula, ni tarehe gani ya kurudi kliniki, na ni dalili zipi zikionekana mgonjwa asisubiri tarehe hiyo. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari hilo likae karibu na kitanda. Tutalirudia daftari hili, maana ndilo chombo cha bei nafuu kuliko vyote katika utunzaji wa nyumbani, na ndilo linalosahauliwa zaidi.

Ni nani awezaye kupewa kazi hii

Wa kwanza ni ndugu. Mila zetu humtazama binti ambaye hajaolewa, au mkamwana anayeishi uani, kana kwamba kazi hii imezaliwa naye. Pengine yeye ndiye anayefaa kweli, lakini aulizwe. Mtu aliyelazimishwa na kikao cha ukoo hatalalamika mbele ya wazee, ila uchungu wake utamfikia mgonjwa kwa njia ya uji uliopoa na shuka lisilobadilishwa. Ndugu anayekubali kuacha biashara yake ya mbogamboga au shamba lake ili amuuguze mama, ana haki ya kufidiwa na ndugu wengine, na kiasi kitajwe wazi kikaoni badala ya kuachiwa huruma ya kila mmoja.

Wa pili ni mtu wa kuajiriwa, ambaye kwa kawaida hupatikana kwa kuulizia: jirani anamjua mpwa wake Kwamndolwa, mwanajumuiya anamjua mjane aliyewahi kumuuguza mkwewe Handeni. Njia hii si mbaya. Mjane wa miaka 45 aliyemtunza mkwewe hadi mwisho amejifunza mengi ambayo cheti hakifundishi. Hatari iko katika kumpokea mtu kwa sifa za mdomoni tu, pasipo kuonana na yule aliyewahi kumfanyia kazi. Katika miji mikubwa wapo pia mawakala wa ajira. Anayemtumia wakala aombe kuona kibali chake cha serikali kabla ya kulipa chochote.

Wa tatu ni mtaalamu. Muuguzi mstaafu anaweza kukubali kuja mara mbili kwa juma kusafisha kidonda au kupima shinikizo la damu. Kila muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na hupewa leseni. Kumwomba aionyeshe si dharau, na muuguzi wa kweli haoni vibaya. Mtu anayejiita daktari au nesi, anayetembea na mkoba wa sindano na hawezi kuonyesha karatasi yoyote, asiguse mwili wa mgonjwa wenu.

Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Huduma kwa wagonjwa majumbani ilienea nchini katika miaka migumu ya Ukimwi, wakati wodi zilipojaa, na watu wa kujitolea, wengi wao kutoka makundi ya dini, walipokwenda nyumba kwa nyumba. Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao, ikilenga kuwafikia zaidi ya 137,000 nchi nzima, wenye mafunzo ya miezi sita. Mhudumu wa namna hii hakai na mgonjwa mchana kutwa wala hampikii. Kazi yake ni kutembelea, kushauri, kutambua hatari mapema na kuiunganisha familia na zahanati. Muulize mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi wa zahanati ni nani anayehudumia kitongoji chenu, kisha mkaribisheni nyumbani kabla hali haijawa mbaya.

Kwa mzee asiye na mtu kabisa, mlango wa kugonga ni kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Serikali ina makazi ya wazee, mojawapo likiwa Mwanzange jijini Tanga. Makazi hayo yamekusudiwa wale wasio na ndugu wa kuwatunza, na haifai familia yenye uwezo kuyafanya mahali pa kumtua mzazi.

Kumpima mtu kabla ya kumkabidhi mzazi

Hapa ndipo tunapoomba msomaji apunguze mwendo.

Hatua ya kwanza ni utambulisho: kitambulisho cha Taifa au namba yake, barua ya serikali ya kijiji anakotoka, na majina ya watu wawili wasio ndugu zake wanaomfahamu. Watu hao wapigiwe simu. Afadhali zaidi, waendewe. Swali la kuuliza si "Je, ni mtu mzuri?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Ulizeni: "Aliondoka kwenu kwa sababu gani?" na "Mngemrudisha nyumbani kwenu leo?" Ukimya mfupi kabla ya jibu la swali la pili hueleza mengi.

Hatua ya pili ni mazungumzo yenye mifano halisi. Mpe tukio: "Bibi amekataa kula tangu asubuhi, utafanya nini?" Anayejibu kwamba atamlazimisha hafai. Anayesema atampa uji kidogo kidogo, atamwangalia mdomoni kama ana vidonda, na kumpigia simu mwanawe iwapo itafika jioni, huyo ana mwanzo mzuri. Uliza pia: "Babu ameanguka chooni, nawe uko peke yako." Jibu linalotakiwa ni kutomwinua kwa pupa, kumwuliza anaumia wapi, kuita msaada. Uliza mtazamo wake juu ya mzee anayepotewa na kumbukumbu na kuongea usiku. Hili tunalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu bado wapo wanaoutafsiri ugonjwa wa usahaulifu kuwa uchawi, na katika nchi yetu akina bibi wamepoteza maisha kwa shutuma hizo. Mtunzaji anayenong'ona kwa majirani kwamba bibi "anaongea na wasioonekana" anaweza kumletea bibi huyo maangamizi. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura yake ya tatu, kinamtaka mtoto amvumilie baba hata akili zake zinapopungua. Agizo hilo linamhusu pia yule tuliyemwajiri kwa niaba yetu.

Hatua ya tatu ni majaribio ya siku saba hadi kumi na nne, yakilipwa, huku mwanafamilia mmoja akiwapo. Tazama mikono yake: je, ananawa kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha? Je, anamwambia mgonjwa anachotaka kufanya kabla ya kumgusa, au anamgeuza kama gunia la mkonge? Je, anamkalisha wima wakati wa kula na kumwacha akae walau nusu saa kabla ya kumlaza? Mgonjwa wa kiharusi anayelishwa akiwa amelala chali huweza kupaliwa, chakula kikaingia katika mapafu. Je, anamgeuza kila baada ya saa mbili hivi, na kutazama ngozi ya kiunoni, nyongani na visiginoni? Vidonda vya kulalia huanza na wekundu au weusi mdogo usiopotea, na kikishachimbika kimoja huchukua miezi kupona. Kwa hiyo, pasipokuwa na kidonda baada ya miezi miwili kwa mgonjwa asiyejigeuza, mmempata mtunzaji wa kweli.

Hatimaye, mgonjwa mwenyewe aulizwe, akiwa peke yake, mtunzaji akiwa ametumwa sokoni. Hata asiyeweza kusema hujibu kwa macho na kwa mwili. Anayejikunja mtunzaji akiingia chumbani amekwisha kujibu.

Suala la jinsia tusilionee haya. Ni vyema mwanamke aogeshwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume, kila inapowezekana. Isipowezekana, mgonjwa aridhie, na mlango usifungwe kwa komeo. Udhalilishaji wa kingono kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu wa akili upo, na hutokea pale familia inapoamini kwamba uzee unatosha kumlinda mtu.

Simu, fedha na karatasi

Mzee wengi wetu tunayemwacha nyumbani ana vitu vitatu vinavyotamaniwa: simu yenye fedha, pensheni au ruzuku, na shamba. Namba ya siri ya simu asipewe mtunzaji. Fedha ya matumizi itumwe kwenye simu ya mtunzaji mwenyewe au ya ndugu aliye karibu, kiasi cha juma moja kwa mara moja, na matumizi yaandikwe kwenye lile daftari: unga, sabuni, mafuta ya taa, nauli ya bodaboda. Wengine wataona ni kutomwamini mtu. Kwa maoni yetu, hesabu iliyoandikwa humlinda mtunzaji mwaminifu kuliko inavyomlinda mwenye fedha, maana siku kaka mkubwa atakapotoka Dar es Salaam na kuuliza fedha zilikokwenda, daftari litamjibia.

Hati ya shamba, wosia na vitambulisho vitunzwe mahali pengine. Na mzee asiwekeshwe dole gumba kwenye karatasi yoyote bila watoto wake zaidi ya mmoja kuwapo na karatasi hiyo kusomwa kwa sauti. Ni kweli kwamba wageni wamewahi kuwadhulumu wazee kwa dole gumba. Lakini ukiuliza katika mabaraza ya ardhi utaambiwa kwamba mara nyingi dole hilo huombwa na ndugu.

Haki za anayetunza

Familia inayotaka utunzaji wa kutegemewa haina budi kuwa mwajiri wa kutegemewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia mfanyakazi wa nyumbani. Anastahili maelezo ya kazi kwa maandishi, mshahara usiopungua kima cha chini kilichotangazwa na Serikali kwa wafanyakazi wa majumbani, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Anayelipwa kwa mwezi, mkataba unapositishwa, hupewa taarifa ya siku 28. Viwango vya mshahara hubadilika, hivyo viulizwe kwa Ofisa Kazi kabla ya kuandika mkataba. Mtoto asiajiriwe kwa kazi hii. Kumtoa shule msichana wa miaka 13 kutoka milimani Usambara ili akalale chini ya kitanda cha mgonjwa ni kosa mbele ya sheria na ni dhambi mbele ya Mungu, hata kama wazazi wake wamekubali na hata kama anaitwa "mtoto wetu".

Mapumziko ya juma yana faida nyingine isiyosemwa. Siku mtunzaji anapopumzika, mtu mwingine humvua mgonjwa nguo na kumwogesha. Kama kuna michubuko, itaonekana. Hivyo mapumziko yake ni ukaguzi usio na fedheha.

Mtunzaji apewe pia vifaa: glovu, sabuni, beseni la mgonjwa peke yake, chandarua, plastiki ya kutandika chini ya shuka, na kiti chenye tundu kinachoweza kutengenezwa na fundi seremala yeyote wa kijijini kwa mgonjwa asiyeweza kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Ikiwa mgonjwa ana kifua kikuu, mtunzaji aelezwe waziwazi na apimwe. Kumficha mtu ugonjwa anaouhudumia ni kumsaliti.

Mambo yakiharibika

Dalili za mateso au uzembe zinafanana kila mahali: michubuko isiyo na maelezo, au yenye maelezo yanayobadilika, kukonda ilhali chakula kinanunuliwa, harufu ya mkojo uliokaa, usingizi usio wa kawaida mchana, unaoweza kuashiria kwamba mzee anapewa dawa za kumtuliza, vitu vinavyopotea, na mtunzaji asiyetaka wageni. Hii ya mwisho ndiyo kubwa. Nyumba yenye mgonjwa isiyoingiliwa na jirani ni nyumba ya kutembelewa leo.

Mtoto aliye mbali asitosheke na simu inayopokelewa na mtunzaji. Na amwombe mtu wa pili, jirani au mwanajumuiya, aingie bila kuaga siku tofauti tofauti, kisha ampigie akiwa amekaa kando ya kitanda. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zilianzishwa ili Kanisa liishi nyumbani kwa watu, na wanajumuiya wanaompelekea mgonjwa Komunyo Takatifu pamoja na paroko huweza kuona mambo ambayo hayaonekani kwenye simu. Hatuwaombi wawe wapelelezi. Tunawaomba wasiyanyamazie wanayoyaona.

Panapokuwa na shaka ya kipigo au udhalilishaji, mgonjwa atolewe kwanza mahali penye hatari, apelekwe kituo cha afya akapimwe, na taarifa itolewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi pamoja na Ofisa Ustawi wa Jamii. Kikao cha ukoo cha kusuluhisha hakichukui nafasi ya hatua hizo.

Maumivu na siku za mwisho

Kuna wagonjwa ambao hawatapona, wenye saratani au figo zilizochoka, na familia huambiwa "mrudisheni nyumbani" kana kwamba tiba imekwisha. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na kuifariji familia, ipo pia katika mkoa wetu. Hospitali ya Muheza iliianza mapema katika miaka ya 2000. Mofini ya kunywa, inayotolewa na hospitali kwa utaratibu maalumu, huondoa maumivu ambayo vidonge vya dukani haviwezi, na kuitumia kama alivyoagiza daktari hakuharakishi kifo. Mtunzaji wa mgonjwa wa namna hii afundishwe kipimo, aandike saa ya kila dozi, na chupa ifungiwe mbali na watoto. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa isisubiri pumzi ya mwisho. Paroko aitwe mgonjwa akingali na fahamu ya kuitikia sala.

Familia nayo imwandalie mtunzaji siku zitakazofuata mazishi. Mara nyingi mtu aliyelala miezi kumi chini ya paa moja na marehemu huambiwa arudi kwao jioni ya siku ya tatu, wageni wakiwa bado uani. Alipwe siku zake zote pamoja na taarifa anayostahili, na aandikiwe barua inayoeleza kazi aliyoifanya, yenye jina na namba ya simu ya mwanafamilia atakayejibu iwapo familia nyingine, Mombo au Hale, itapiga kuuliza habari zake.